Naomba ushauri: huyu mdudu wa kwenye fremu ya kitanda naye niandike familia ya Bostrichidae?

Habari zenu wakuu. Napanga sanduku la wadudu waharibifu kwa ajili ya darasa la wakulima, nimekwama kwenye lebo.

Dumuzi, mende mharibifu wa mahindi (Prostephanus truncatus), hana shida. Anajulikana: alitoka Amerika ya Kati, akaanza kusumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukimtazama kwa juu kichwa hukioni, kimefichwa chini ya kifua kama mtu aliyejifunika kofia ya koti, na mgongo umekatika ghafla kwa nyuma. Familia ni Bostrichidae, ya mende watoboao mbao. Mtaalamu wa wadudu Horn alipomwelezea mwaka 1878 alimweka kwenye jenasi Dinoderus, wanakokaa wale mende wanaotoboa mianzi, baadaye akahamishwa.

Shida ni hawa niliowatoa kwenye fremu ya kitanda, ile sehemu nyeupe ya mbao. Wembamba, bapa, kichwa kinaonekana vizuri, na rungu la kipapasio (ile ncha iliyonenepa) lina pingili mbili tu. La dumuzi lina tatu. Unga wanaoutoa kwenye mbao ni laini kama poda ya mtoto. Hawa ni wa jenasi Lyctus, sina wasiwasi. Lakini vitabu vya zamani vinawapa familia yao, Lyctidae, na vipya vinawashusha kuwa nusufamilia Lyctinae ndani ya Bostrichidae.

Mimi naelekea kwenye upangaji mpya, ila wakaguzi wa mbao bado wanatumia jina la zamani. Mnaotunza mikusanyo, lebo mnaandikaje? Majina yote mawili, au moja tu?