Kucheza rumba kilimani Bangwe wakati wa machweo: je, tulikosea?

MwanaBangwe:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu kama wanane kilimani hapa Bangwe, Kigoma, mahali panapotazama Ziwa Tanganyika, tukisubiri jua lizame nyuma ya milima ya Kongo, ndipo kijana mmoja wa bodaboda alipofungulia rumba kwenye spika ndogo aliyoifunga kwenye usukani. Mama muuza karanga alitua beseni lake, akakaza kanga kiunoni, akaanza kucheza peke yake, na ulipofika wimbo wa tatu sote tulikuwa tumetimua vumbi. Mzee mmoja jirani alitoka akatuambia kwa upole kwamba pale si ukumbi. Je, tukirudi tuombe ruhusa, na kwa nani?

Karabai:
Kaka, ukiomba kibali utatakiwa kutaja siku, saa na mhusika, na ngoma iliyojizukia yenyewe itageuka shughuli yenye kamati. (Nimewahi kuwa mhazini wa kamati; sitaki kukumbuka.) Mwoneni mwenyekiti wa mtaa kwa heshima, inatosha. Rumba yenyewe msiionee haya, kwani UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2021. Angalieni tu changarawe ya ukingoni, maana huteleza.

MamaMwanga:
Mwanangu, mimi namwelewa huyo mzee. Jua la Kigoma huzama takriban dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, lakini popote lizamapo, adhana ya Magharibi hufuata papo hapo, kwa hiyo rumba yenu ilipokolea ndipo wenzenu walipokuwa wakitia udhu. Tena upepo ukitoka ziwani hupandisha sauti yote mpaka vyumbani mwa watu. Chezeni mapema, na jua likigusa milima zimeni spika. Baada ya hapo, ikiwa ni siku za giza, kaeni mtazame taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka moja baada ya nyingine.

MwanaBangwe:
Shikamoo mama, na ahsante. Suala la adhana halikunijia kabisa, ingawa mimi mwenyewe nilipitwa na Magharibi siku ile. Kesho nitakwenda kwa mzee kabla ya kwa mwenyekiti. Mama wa karanga ameshaniuliza mara mbili tutarudi lini, kwa kuwa siku ile beseni lilibaki tupu.