Nokia N900: GB 32 zipo, lakini mfumo unasema nafasi imekwisha

Mwanagenzi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninatumia Nokia N900, ile ya mwaka 2009 yenye mfumo wa Maemo 5, na hadi leo ninaitegemea kwa kuandika na kwa kuingia kwenye seva zangu kwa ssh ninapokuwa safarini. Ina hifadhi ya GB 32, na zaidi ya GB 20 ni tupu, ila kila nikijaribu kusakinisha programu naambiwa kwamba nafasi haitoshi. Amri ya `df -h` inaonyesha kuwa rootfs (sehemu ya hifadhi inayobeba mfumo wenyewe), yenye MB 227.9, imejaa kwa asilimia 97. Nimefuta picha na nyimbo zote, lakini tarakimu hiyo haikusogea hata kidogo. Je, nifanye nini bila kulazimika kuweka mfumo upya?

Kaskazi amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, picha zako hazikuwa na kosa lolote. Kifaa hiki kina hifadhi mbili zisizochangia nafasi: chipu ndogo ya MB 256 inayobeba mfumo wenyewe, na ile kubwa ya GB 32 iliyogawanywa kuwa MyDocs (ya picha, nyimbo na faili zako) ya GB 27 hivi, `/home` ya GB 2, na swapu (nafasi ya kusaidia RAM) ya MB 768. Ulichofuta kilikuwa ndani ya MyDocs, kinachojaa ni chipu ndogo. Waundaji walilijua tatizo hili, ndiyo maana `/opt` imeelekezwa ndani ya `/home`, na programu iliyofungwa vizuri huweka faili zake nzito huko. Programu nyingi za extras-devel (hazina ya programu ambazo bado zinatengenezwa) hazikufuata utaratibu huo, kwa hiyo zinamwaga kila kitu kwenye mzizi, yaani rootfs.

Anza na `apt-get clean`, inayofuta pakeji zilizopakuliwa, kisha zima hazina za extras-devel na extras-testing ikiwa huzihitaji kila siku, kwa sababu orodha zake za pakeji peke yake ni nzito. Baada ya hapo tafuta saraka kubwa kwa `du -xk / | sort -n`. Ukiipata, tuseme `/usr/share/locale` yenye tafsiri za lugha usizozitumia, inakili kwenda `/opt` kwa `cp -a`, ibadilishe jina ile ya awali, weka mahali pake, kwa `ln -s`, kiungo kinachoelekeza kwenye nakala iliyo `/opt`, zima na uwashe simu, na ufute ya awali pale tu utakapoona kila kitu kinafanya kazi.

FundiMzee amejibu:

Naunga mkono maelezo ya Kaskazi, ila kuna jambo moja ambalo litamshangaza muulizaji. Chipu ile ndogo hutumia mfumo wa faili wa UBIFS, ambao hubana data inapoiandika, wakati `du` huhesabu ukubwa wa faili kabla ya kubanwa. Ukihamisha MB 10 za maandishi, usitarajie kurudishiwa MB 10. Baada ya kila hatua angalia `df`.

La pili ni onyo, na naomba lisomwe kwa makini: usihamishie faili za mfumo MyDocs kwa kuvutiwa na ukubwa wake. Sehemu ile hutumia mfumo wa faili wa vfat, haihifadhi ruhusa za faili wala viungo, na ukichomeka waya wa USB na kuchagua kuitumia simu kama diski, simu huikabidhi MyDocs kwa kompyuta na yenyewe hubaki bila hiyo. Mimi nilihamishia huko fonti za mfumo. Nilipochomeka waya ili kunakili picha za harusi ya mdogo wangu, kila programu niliyoifungua ilionyesha vijiboksi vitupu mahali pa herufi, na ilinibidi nichomoe waya na kurudisha faili zote nikiwa na wasiwasi wa kupoteza kazi yangu. Kadi ya memori nayo haifai kwa kazi hiyo, kwani kifuniko cha nyuma kina sumaku, na ukikifungua tu, mfumo huiachia kadi.

Mwanagenzi ameandika:

Nawashukuru sana, kaka zangu. Nimezima hazina zile mbili na kuhamisha `/usr/share/locale` kwenda `/opt`, na sasa rootfs imeshuka hadi asilimia 84. Kama alivyosema FundiMzee, nafasi iliyorudi ni ndogo kuliko `du` ilivyonionyesha. Je, naweza kufanya vivyo hivyo kwa `/lib`, ambayo nayo ni kubwa?

Kaskazi amejibu:

Hapana, tafadhali usiiguse. Simu inapowaka, `/lib`, `/bin`, `/sbin` na `/etc` huhitajika kabla `/home` haijaunganishwa, kwa hiyo kiungo chako kingeelekeza mahali ambapo bado hapapo, na simu isingewaka. Baki ndani ya `/usr/share`, na ukihitaji nafasi zaidi, ondoa programu za majaribio ambazo huzitumii.