CUPS inajua kosa liko wapi lakini haisemi: seva ya printa inatutesa bila sababu

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Mimi ndiye ninayesimamia kompyuta na printa kwenye shule moja ya sekondari. Tuna seva ya Linux, printa mbili za leza, walimu wengi wenye laptopu za Windows na wachache wa Linux. Kazi ya seva ni kupokea nyaraka za walimu na kuzipeleka kwenye printa, basi. Programu inayofanya hivyo ni CUPS, hiyo hiyo iliyomo karibu katika kila Linux na ndani ya macOS.

CUPS si kitu kipya. Michael Sweet alianza kuiandika miaka ya 1990, ikatoka kwa umma 1999, Apple wakainunua 2007, na baada ya Sweet kuondoka Apple mwishoni mwa 2019 kazi ikahamia OpenPrinting, mradi wa programu huria za kuchapa. Ni zaidi ya robo karne sasa. Ndiyo maana sielewi kwa nini mpaka leo ikikataa jambo haikwambii imekataa nini.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mitihani ya muhula. Mwalimu wa taaluma alituma karatasi ya Kidato cha Tatu, umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Jenereta ikawashwa, printa ikarudi, taa ya kijani inawaka. Walimu wakaendelea kutuma. Kwenye laptopu zao wanaona kazi imeondoka salama. Kwenye seva kazi zinapokewa. Kwenye printa haitoki hata karatasi moja. Mwalimu akiona kimya anabonyeza tena, na tena, na aliyekaa pembeni yake naye hivyo hivyo. Nilipoitwa nikaandika `lpstat -p`, amri inayoonyesha hali ya printa, nikakuta foleni (mstari wa kazi zinazosubiri kuchapwa) imesimamishwa tangu dakika ile umeme ulipokatika.

Sasa sikilizeni. CUPS ina mpangilio unaoitwa ErrorPolicy, na kwa maelezo yake yenyewe chaguo la awali ni `stop-printer`: kazi moja ikifeli, foleni nzima inasimama mpaka mtu aje aandike `cupsenable`. Kama ni kulinda printa, sawa. Lakini kwake yeye kupokea kazi na kuchapa kazi ni mambo mawili tofauti. Kupokea kunaendeshwa na `cupsaccept` na `cupsreject`, kuchapa kunaendeshwa na `cupsenable` na `cupsdisable`. Kwa hiyo foleni iliyokufa inaendelea kupokea kila kinachokuja na kumwitikia mwalimu kana kwamba kila kitu kiko sawa. Nilipoifungua, kila nakala iliyobonyezwa ikatoka. Rimu zikaenda kwa mtihani ule ule, na mtihani si karatasi ya kuachwa ikizagaa ofisini. Ikabidi tuzikusanye moja moja na kuzichoma.

Dawa yake ni mstari mmoja (Taaluma ni jina la foleni yetu):

`lpadmin -p Taaluma -o printer-error-policy=retry-job`

Hapo seva inajaribu tena yenyewe, kila baada ya sekunde 30, mara 5, msipobadilisha JobRetryInterval na JobRetryLimit. Mstari mmoja! Kwa nini mtu aujue baada ya hasara?

Na kimya hiki kinaanza tangu siku ya kwanza ya kusimika. Unaweka CUPS kwenye seva, unaongeza printa, karatasi ya majaribio inatoka vizuri. Unakwenda kwenye kompyuta nyingine, unaandika anwani ya IP ya seva na poti 631 (mlango ambao CUPS inapokelea kazi), hakuna kitu. Muunganisho umekataliwa. Unaanza kuhangaika na fayawoli, unakagua swichi, unabadilisha kebo. Kumbe ndani ya `/etc/cups/cupsd.conf` kuna mstari `Listen localhost:631`, maana yake seva inasikiliza mashine yake yenyewe tu. Kwa laptopu ya mtu binafsi mpangilio huo ni sahihi kabisa na siupingi. Ninachopinga ni kwamba hata ukiongeza printa ukiwa na nia ya kuigawa, hakuna mahali inapokuambia kwamba kwa sasa hakuna mashine nyingine inayoweza kuifikia. Unatakiwa uwe tayari unajua kwamba `cupsctl --share-printers` ndiyo inayofungua mlango.

Umefungua mlango, walimu wa ofisini wanachapa. Maabara ya kompyuta iko nyuma ya ruta nyingine, kwenye mtandao mdogo tofauti. Wao wanapata "Forbidden". Amri ile imeruhusu `@LOCAL`, yaani mitandao ambayo seva imeungana nayo moja kwa moja kwa kadi zake za mtandao, na mtandao wa maabara haumo. Inabidi uingie kwenye faili uongeze kwa mkono `Allow 192.168.20.0/24`, au mtandao wenu wowote ule, ndani ya sehemu ya `<Location />`, kisha uwashe huduma upya. Kuna watu watakushauri `cupsctl --remote-any`. Usifanye hivyo kama seva yako inaonekana kutoka nje, kwa sababu hapo umeruhusu kila mtu.

Kilichonitoa machozi hasa ni "Bad Request". Tulitaka walimu watumie jina badala ya kukariri namba, tukaipa seva jina kwenye DNS ya shule (huduma inayogeuza majina kuwa namba za IP), tofauti na jina la mashine yenyewe. Kwa namba ya IP ukurasa unafunguka. Kwa jina, "Bad Request", maneno mawili, ukurasa mweupe. Ombi lina ubaya gani? Kivinjari ni kile kile, mashine ni ile ile! Jibu liko kwenye `/var/log/cups/error_log`, na humo limeandikwa wazi kabisa kwamba ombi kutoka anwani fulani limetumia "invalid Host: field", na jina lenyewe limetajwa. Yaani CUPS ilijua. Ilijua jina gani imelikataa na kwa nini imelikataa, ikaliandika kwenye faili ambalo mwalimu hawezi kulisoma, ikamwonyesha maneno mawili yasiyomsaidia mtu yeyote. Dawa ni kuongeza `ServerAlias` na jina lile kwenye cupsd.conf. Najua kwamba ukaguzi huo ni ulinzi dhidi ya tovuti mbaya zinazojaribu kuifikia seva kupitia kivinjari chako. Ulinzi uwepo. Lakini sentensi moja kwa msimamizi aliyeingia kwa akaunti yake ingevunja ulinzi gani?

Hasira yangu inaongezeka nikikumbuka cups-browsed. Huyu ni mwenzake CUPS anayetafuta printa za mtandaoni na kukuongezea foleni bila wewe kuomba. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitoa hadharani kwamba programu hiyo ilikuwa inasikiliza UDP poti 631 kwenye kadi zote za mtandao na kuamini pakiti kutoka popote. Udhaifu huo ni CVE-2024-47176 (CVE ni namba za orodha ya umma ya udhaifu wa programu), na ukiunganishwa na mwingine uliotangazwa pamoja nao, mshambuliaji angeweza kupandikiza printa ya uongo na kuendesha amri kwenye mashine yako pale kazi inapotumwa kwenye printa hiyo. Yaani huduma niliyoihitaji ilikuwa imefungwa kimya kimya, na huduma ambayo sikuiomba ilikuwa wazi kwa dunia nzima, nayo kimya kimya. Kama printa zako umeziweka kwa mkono, izime leo:

`systemctl disable --now cups-browsed`

Halafu njoo kwenye `lpadmin`. Herufi `-E` ina maana mbili kutegemea imekaa wapi. Ukiandika `lpadmin -p Taaluma -E ...` unaiwasha foleni na kuiruhusu ipokee kazi. Ukiandika `lpadmin -E -p Taaluma ...` unaamuru mawasiliano na seva yafungwe kwa usimbaji, na foleni yako inabaki imezimwa. Amri zote mbili zinakubaliwa, hakuna onyo. Aliyeamua hivi alimfikiria nani? Mpangilio wa herufi kwenye amri ya utawala usingeachwa uwe mtego wa namna hii.

Karatasi nayo. Huku kwetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Ukisimika mfumo kwa Kiingereza cha Marekani, kama wengi wanavyofanya kwa kubonyeza tu kuendelea, CUPS inaiacha foleni mpya kwenye Letter, 215.9 kwa 279.4. Printa inasimama inadai karatasi ambayo hakuna duka la vifaa vya ofisi mjini hapa linaiuza. Mwalimu anaiona printa inawaka taa ya chungwa na anadhani imeharibika. Weka `DefaultPaperSize A4` kwenye cupsd.conf kabla ya kuongeza printa, na kwa foleni iliyopo tayari, `lpadmin -p Taaluma -o PageSize=A4` au ukurasa wa chaguo za awali za printa.

Kuhusu draiva sitaandika sana maana nitapandwa na presha. Printa yetu ya pili ni ya zamani, na draiva ya mtengenezaji wake, ambaye simtaji, imebeba kichujio (filta, programu ndogo inayogeuza nyaraka ziwe lugha ya printa) cha biti 32 kwenye mfumo wa biti 64. CUPS inasema "Filter failed". Filta gani? Imefeli nini? Unawasha `cupsctl --debug-logging`, unatuma kazi tena, unapekua mistari mamia kwa mamia, ndipo unagundua kwamba maktaba za biti 32 hazipo kwenye mashine. Na hata ikikubali, kila unapoongeza foleni ya namna hiyo unapewa onyo kwamba draiva za printa zimepitwa na wakati na zitaacha kufanya kazi katika toleo fulani la baadaye. Haya, nifanye nini sasa? Onyo haliongezi neno. Ukweli ni kwamba mradi unahamia IPP Everywhere, ambako printa yenyewe inaeleza uwezo wake na unaiongeza kwa `-m everywhere`, na printa za zamani zinatakiwa zipitie programu ndogo zinazoitwa Printer Applications. Ni mwelekeo mzuri na nauunga mkono. Lakini shule nyingi zina printa za zamani, na wao ndio wanaotishwa na sentensi isiyo na anwani ya kwenda.

Mhasibu naye anataka hesabu ya kurasa kwa kila mwalimu. Faili la `page_log` lipo. Tupu. Kumbe PageLogFormat haina kitu mwanzoni, kwa hiyo haliandiki. Ukiweka `PageLogFormat %p %u %j %T %P %C` linaanza kuandika kuanzia hapo. Kurasa za nyuma zimepotea.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu uliyesema nihamie Windows Server, nakushukuru, lakini huko nako Julai 2021 kulikuwa na PrintNightmare, CVE-2021-34527, na watu walikuwa wanazima huduma ya kuchapa nzima. Shule haina bajeti ya leseni na mimi sina sababu ya kukimbia programu ninayoweza kuifungua na kuisoma.

Dada uliyesema "soma man page", yaani kurasa za maelezo ya programu, nimezisoma. `man cupsd.conf` ni nzuri na mipangilio ya faili hilo niliyoitaja hapa imo humo. Hoja yangu ni kwamba mtu aliye mbele ya "Bad Request" hajui hata kwamba atafute neno ServerAlias. Ukurasa wa maelezo unamsaidia anayejua jina la kitu anachokitafuta.

Kaka uliyeuliza kuhusu siri ya mitihani, swali lako ni zito kuliko malalamiko yangu yote. Ndiyo, CUPS inatunza nakala ya kazi iliyokwisha kuchapwa ndani ya `/var/spool/cups` kwa siku moja, PreserveJobFiles ikiwa kwenye thamani yake ya awali ya sekunde 86400. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuzisoma, lakini mwenye haki za utawala anaweza kuzichapa upya. Weka `PreserveJobFiles No`, washa huduma upya, kisha hakikisha folda haina mabaki ya zamani. Hili lifanyeni usiku huu kama mnachapa mitihani.

Nimeanza kuandaa ombi la kupeleka kwa OpenPrinting kwenye GitHub. Nataka mambo mawili: foleni iliyosimama imwambie anayetuma kwamba imesimama, na ukurasa wa kosa umwonyeshe msimamizi aliyeingia mstari ule ule ulioandikwa kwenye error_log. Mwenye kisa cha aina hii aweke hapa amri aliyoandika, ujumbe alioonyeshwa na mstari uliokuwa kwenye kumbukumbu, viwe pamoja. Futeni majina ya watu na ya nyaraka kabla ya kubandika. Nitaviambatisha vyote.