Mliosoma au mnaosoma uuguzi, siku gani kichwa kiligoma? Tupeane uzoefu

Kofia Nyeupe: Wadau, jana nimemkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kajifungia stoo ya mashuka analia. Aliponiona akafuta uso, eti vumbi. Nikakumbuka mbali. Humu hatujuani, tuseme ukweli: nani yalimkuta, na alitokaje?

Zamu ya Usiku: Stoo ya mashuka! Kumbe si mimi peke yangu.

Dripu Kavu: Mimi wodi haikunisumbua, kilichonitesa ni OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo. Kengele inalia, unaingia kituoni, mkufunzi ana karatasi ya alama na hatabasamu hata umsalimie vipi. Kuweka mpira wa mkojo kwenye mdoli nilikuwa naweza gizani. Siku ya mtihani mikono ilitetemeka mpaka glavu ikachanika. Wiki nzima chakula kilikuwa hakipiti.

Mama Wodi: Watoto wa siku hizi mayai. Sisi tulisoma, tukashika zamu, hakuna aliyesema ana sonona. Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa, alizunguka na taa usiku wakati wa vita vya Crimea, mlimsikia analalamika?

Bandeji: Shikamoo mama. Nightingale huyohuyo alirudi kutoka vitani 1856, mwaka uliofuata afya ikamgomea, miaka mingi akafanyia kazi kitandani. Leta mfano mwingine.

Mama Wodi: Marahaba. Na humo kitandani aliandika vitabu. Wewe umeandika nini?

Mwaka wa Tatu: Ngoja niandike, labda nitalala leo. Kulikuwa na mzee wodi ya wanaume, moyo umechoka, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Kila asubuhi namwogesha kitandani, naye hakosi la kusema: "Binti, maji ya mgongoni yamepoa." Akiona nimenuna anauliza kama nimekula.

Alfajiri moja nampima presha, mashine inatafuta tu, haisomi. Namwita, kimya. Nikapiga kelele, nikaanza kukandamiza kifua. Darasani tunaambiwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5. Hakuna aliyeniambia kwamba mbavu za mzee zinasikika zikivunjika. Tulipokezana mpaka daktari akasema basi, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Nikabaki na sista. Tukamfumba macho, tukamfunga kidevu, tukamwosha. Maji nilihakikisha yana moto. Tulipomaliza sista akaniambia, "Leta kitabu chako nikusainie, kuhudumia maiti ulikuwa bado hujapata." Akasaini, akanituma nikamalizie kupima joto vitanda vilivyobaki. Si mtu mbaya, ndivyo naye alivyolelewa kazini.

Tangu hapo usingizi hakuna, darasani maneno yanapita tu. Juzi kwenye somo la afya ya akili tuligawiwa PHQ-9, yale maswali 9 ya kupima sonona, tujifunze kuwauliza wagonjwa. Nikajijazia kimyakimya. Nimepata 17 kati ya 27, na swali la mwisho nililiruka.

Zamu ya Usiku: Hayo maji ya moto yameniliza.

Mkasi: Pole sana. Ndugu zake walikuwepo? Waliambiwaje?

Glavu Moja: Mkasi acha umbea wa misiba. Na wewe Mwaka wa Tatu, hizo ni siri za mgonjwa, utafukuzwa chuo.

Bandeji: Siri gani? Hakuna jina, hakuna hospitali, hakuna tarehe. Wazee wa moyo wamejaa kila wodi duniani.

Dripu Kavu: OSCE yangu ndiyo imesahaulika hivyo.

Mkasi: Ushauri wangu: maji mengi, mazoezi, lala masaa manane.

Zamu ya Usiku: Masaa manane na hizi zamu? Labda niyakusanye kwa wiki.

Glavu Moja: Huo ni uchovu wa kazi tu, likizo inatosha. Msikimbilie vidonge, mtavizoea.

Kofia Nyeupe: Si kweli. Uchovu wa kazi WHO imeuweka kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Dalili zikikaa wiki 2, karibu kila siku, likizo pekee usiitegemee. Na dawa zake si za usingizi, hazileti uraibu wa namna hiyo. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na huziachi ghafla kwa akili yako. Wengine hata hawazihitaji, wanapona kwa kuongea na mtaalamu.

Mama Wodi: Nyamazeni kidogo. Mwaka wa Tatu, binti yangu, swali uliloruka linauliza kama unawaza bora ungekufa, au kujidhuru. Unawaza hivyo? Nijibu tu, sikugombezi.

Mwaka wa Tatu: Usiku ndiyo. Si kila usiku.

Mama Wodi: Basi leo hulali peke yako. Mwamshe mwenzako wa chumba, mwambie maneno hayohayo. Dawa zozote mlizonazo humo azitunze yeye. Asubuhi akupeleke kliniki ya afya ya akili, zamu yako itashikwa. Mawazo yakizidi kabla ya hapo msingoje kuche, nendeni chumba cha dharura.

Mkasi: Mama Wodi leo umetushangaza.

Mama Wodi: Mwenzetu mmoja wa darasa tulimzika, tukaambiana ni homa. Na mayai bado nasema ni mayai.

Mwaka wa Tatu: Nimemwamsha. Amekaa hapa anasoma maoni yenu, anacheka ya OSCE.

Dripu Kavu: Asicheke, narudia Jumatatu. Nani ana karatasi ya alama ya kituo cha mpira wa mkojo?

Glavu Moja: Ninayo. Nunua glavu saizi yako kwanza.