Deki ya CD au kulipia muziki wa mtandaoni?

Mwana_Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Nimeona deki ya CD ya mtumba kule Makoroboi, Mwanza mjini, elfu tisini. Mke wangu anasema bora hiyo hela nilipie muziki wa kwenye simu. Nichukue ipi? Kesho naenda mjini.

Fundi_Igoma: Mkuu, umetaja bei tu. CD unazo ngapi, orijino au za kubani? Spika zipo? Na hiyo deki umeisikia ikipiga, au umeonyeshwa taa inawaka? Lensi ikichoka taa huwaka vizuri tu na CD haisomi.

Mama_Nyakato: Simu. Nyimbo zote unazo na kabati huhitaji.

Bwiru_Rumba: Mama, ngoja nikueleze. Nimelipia miaka mitatu bila kukosa mwezi. Mwaka jana kazi ikanipeleka Ukara miezi miwili, nikapakua rumba zangu zote kabla ya kupanda kivuko. Nilikofikia, mtandao mpaka upande juu ya jiwe. Wiki nne raha tupu. Jioni moja nawasha, majina yote yamepauka, programu inataka niingie mtandaoni kwanza ndipo ifungue. Na hela nimelipa! Niliporudi Mwanza nikakuta albamu mbili zimeondolewa kabisa, eti mkataba na wenye haki umeisha. Iliniuma. CD za marehemu baba ninazo mpaka leo na vijitabu vyake. Mle ndimo nilimojua nani alipiga solo na nani besi.

Nyegezi_Kijana: Pole kaka. Ila kwa sauti tusidanganyane. CD ni biti 16, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, vilevile tangu Sony na Philips walipoitoa 1982. Siku hizi zipo huduma za mtandaoni zinazotoa ubora huohuo.

Fundi_Igoma: Na bando? Hata kwa kilobiti 320 tu kwa sekunde, saa moja inakula MB 144. Saa mbili kila siku, mwezi unapita GB 8. CD haikuombi bando.

Mama_Nyakato: Umeme ukikatika je? Simu yangu inaendelea kuimba.

Dereva_Usagara: Mimi gari limetoka Japani, redio inaishia FM 90, stesheni nyingi za hapa sizipati, na tundu la flashi hakuna. CD ndiyo inanifikisha Sengerema. Kile kidude cha kuongeza masafa kinapatikana wapi?

Fundi_Igoma: Kipo, kinaungwa kwenye waya wa antena. Njoo nikufungie.

Mwana_Kirumba: Samahani wakuu, nilisahau. CD ziko kama 60, za mzee, karibu zote orijino. Zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda, zina mikwaruzo. Deki sijaijaribu.

Fundi_Igoma: Mikwaruzo upande gani? Wa chini unaong'aa mara nyingi unavumilika. Wa juu penye maandishi ndio hatari, maana muziki wenyewe umelala chini ya ile rangi. Futa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kesho beba mbili, nzima na yenye mikwaruzo. Usitosheke na wimbo wa kwanza, ruka mpaka wa mwisho. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, ubovu wa deki unaweza kujificha kule mwisho.

Bwiru_Rumba: Kwenye hizo 60 kuna rumba? Kama zipo za miaka ya 80 nitakuja na deki yangu.

Dereva_Usagara: Fundi, Jumamosi upo?