Mnatangaza bei ya mzigo ambao hamna! Kibodi za bei mbaya Dar, nimechoka

Wakuu, leo mnivumilie.

Nawauliza wauza vifaa vya kompyuta wa Kariakoo na wenzao wa mitandaoni: bei ya kitu ambacho hakipo dukani ni bei ya nini?

Nilikuwa naitaka kibodi ya Keychron Q1, ile ya bodi ya alumini. Jamaa mmoja kaiposti, picha safi, laki 7, "ipo, wahi". Napiga simu, ipo. Nafika dukani: "Mzigo uko njiani mkuu, weka advansi nikushikie." Nikaweka laki 4. Toka hapo ni hadithi: mara ndege, mara dola imepanda, mara ushuru. Ushuru gani? Kibodi ni kifaa cha kompyuta, na ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa vifaa hivyo ni asilimia 0. VAT ya asilimia 18 ipo, na ilikuwepo kabla hujanitajia hiyo laki 7.

Juzi kaniita, mzigo umefika. Nalishika boksi, jepesi. Q1 inapita kilo moja na nusu, ikikudondokea mguuni utachechemea. Hili naliinua kwa vidole viwili. Nageuza ubavuni, imeandikwa V1. Kampuni ile ile, mpangilio wa vitufe ule ule, ila ya plastiki, na bei yake huko inakotoka ni kama nusu ya Q1. "Bosi, ni ile ile, herufi tu." Herufi tu! Na salio la laki 3 anadai.

Msiniambie niagize mwenyewe, hesabu nimeshapiga. Mizigo ya ndege inatozwa kwa kilo, alumini inakula nauli. HHKB Type-S, kibodi ndogo ya Japani, ni gramu 540 hivi, nauli si tatizo, lakini yenyewe inapita dola 300, ile ya mpangilio wa Kimarekani haina hata vitufe vya mishale, na kofia za vitufe zilizozagaa sokoni, za swichi (kile kidude kilicho chini ya kila kitufe) za mtindo wa Cherry MX, haziingii. Kimoja kikivunjika umekwisha. Q1 swichi ikifa unaichomoa, unachomeka nyingine bila kulehemu. Hiyo ndiyo naitaka. Ila ikitoka China ikafika mbovu, kuirudisha ni nauli nyingine, ndiyo maana mtu anakubali kumlipa muuzaji wa hapa cha juu. Cha juu hicho ni kwa sababu ninyi mnayo kabatini. Kama hamna, ninyi ni mawakala wa kuagiza, semeni hivyo na mtoze bei ya wakala.

Halafu hizi za elfu 35 zenye taa za rangi mnazoziita "za kimekanika". Ya kimekanika kila kitufe kina swichi yake. Ng'oa kofia moja uone, chini ni mpira mtupu.

Laki 4 yangu bado anayo, anasema advansi hairudi. Risiti ninayo, kaandika Q1 kwa mkono wake mwenyewe. Wanaojua sheria, hii niipeleke FCC (Tume ya Ushindani) au nianzie polisi? Na mwenye Q1 mkononi hapa Dar aipige picha na gazeti la leo pembeni, nakuja na keshi.