Nililipia kufundishwa kutangulia mwambani, nikarudi na cheti cha uongo

Ndugu zangu, nimesubiri wiki mbili nipoe kabla ya kuandika, na bado sijapoa. Nililipa shilingi 46,000 kwa kozi ya siku nne Hell's Gate, Naivasha, ambayo tangazo lake lilisema waziwazi kwamba mwanafunzi ataondoka akiwa anaweza kutangulia, yaani kupanda akiwa wa kwanza, kamba ikimfuata kutoka chini, huku akipachika mwenyewe vishikizi vya chuma kwenye nyufa za mwamba. Tuliahidiwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi wawili. Tulikuwa sita, mwalimu mmoja.

Siku mbili za kwanza tulipanda Fischer's Tower, lile jabali la mita 25, kamba ikiwa imefungwa juu. Siku ya tatu, hadi alasiri, tulikuwa tukisubiri zamu.

Hatimaye nikaambiwa nitangulie, nikiwa bado na kamba ya pili ya juu kwa usalama. Ni njia nzuri ya kujifunzia, ilimradi yupo anayekagua unachofanya. Niliingiza nati, yaani kishikizi cha kipande cha chuma kinachokwama ndani ya ufa, nikaona imegusa upande mmoja tu, nikauliza, "Mwalimu, hii imeshika kweli?" Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, "Wewe panda tu, umefungwa juu!" Mwenzangu aliyenifuata kuzikusanya nati hizo aliniambia kwamba ile hakuivuta hata kidogo, aliigusa kwa vidole viwili, ikatoka kama jino la mtoto.

Anayetangulia akiteleza mita mbili juu ya kishikizi chake cha mwisho, huanguka mita nne kabla kamba haijakaza, na kishikizi hicho kikichomoka, anaendelea kushuka hadi cha chini yake, kama kipo. Hatukufundishwa kumdaka kwa kamba anayeanguka, wala kujenga nanga, yaani mahali imara pa kufungia kamba, juu ya njia. Kwamba kamba ikipitishwa kinyume kwenye karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa kufunguka, inaweza kuufungua mlango wake mtu anapoanguka, nililisikia kwa mpandaji mwingine aliyekuwa akipita, tena bure.

Siku ya nne ilikuwa ya picha na vyeti. Changu kinasema kwamba nina uwezo wa kutangulia bila usimamizi. Nilijiandikisha kwa sababu ninaota kufika Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, siku moja, mita 5,188, na mtu akikiamini cheti hicho akajifunga kamba moja nami kule, tutakufa wawili.

Nilipolalamika, niliandikiwa na walioendesha kozi kwamba "wanafunzi hawakuwa tayari kutangulia." Kama hatukuwa tayari, vyeti vilitolewa kwa msingi gani? Ninadai nirudishiwe malipo ya siku mbili, na jina langu lifutwe kwenye orodha yao ya wahitimu. Cheti chenyewe nimekwisha kuwarudishia kwa posta.